Mkwaruzo Kwenye Gurudumu

Mimi niliibiwa na mkwaruzo.

Si jambazi, si mganga, si tapeli wa simu. Mkwaruzo. Urefu wake haukuzidi punje ya mchele, na ulikuwa umejilalia juu ya ubao, kimya, haumdhuru mtu.

Niliusoma vibaya mara moja tu. Mara hiyo moja ilinigharimu karakana yangu, na rafiki niliyekuwa namkabidhi koo langu kila Ijumaa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Watu wananiuliza, "Mzee, ndevu hizo za nini? Si wewe ulikuwa mtu wa kidevu kinachong'aa?"

Huwa nacheka tu. Leo nimeamua kujibu. Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwa hiyo msinikimbize.

Mimi ni seremala. Shule ya mchana sikuiona. Nilisoma ukubwani, shule ya usiku, naingia darasani vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi. Huko ndiko nilikokaa dawati moja na Kinyozi.

Kinyozi ndiyo kazi yake na ndilo jina lake. Hata marehemu mkewe alimwita hivyo. Tulifeli wote, tukarudia wote, tukafaulu wote. Mimi nilikuwa mkali wa hesabu, yeye mkali wa maneno. Mwalimu alikuwa akisema, "Nyie wawili mkichanganywa, anatoka mtu mmoja mwenye akili."

Baadaye tukapanga vyumba vya kazi kwenye jengo moja. Ukuta mmoja tu katikati. Akiwasha redio, nasikiliza mimi. Nikikohoa, anagonga ukuta.

"Fundi! Kufa taratibu, nina mteja!"

Na mimi namjibu, "Mnyoe vizuri, asije akanifuata kaburini kulalamika!"

Ndivyo tulivyozeeka.

Siku moja akaja mwenye jengo. Alikuwa amechoka na mabomba, amechoka na wapangaji, amechoka na paa. Akasema anauza.

"Nawapa nyie nafasi ya kwanza. Mwaka ukiisha hamjanipa jibu, namwita mwingine. Na huyo mwingine ameshaniambia atabomoa."

Kubomoa.

Meza yangu ya kazi niliijenga ndani ya chumba kile kile, nikiwa kijana. Mbao nene, miguu kama ya tembo. Haipiti mlangoni. Haijawahi kupita. Kwa hiyo kubomoa chumba ni kubomoa meza, na kubomoa meza ni kunibomoa mimi.

"Tununue," nikamwambia Kinyozi.

"Kwa nini? Kwa nywele?"

"Tutafute njia."

"Wewe tafuta. Wewe ndiye mwenye hesabu."

Njia ikanitafuta yenyewe.

Kulikuwa na kasino ndogo, ghorofa ya juu ya duka la vitambaa. Kila siku ilifunguliwa baada ya chakula cha mchana. Meneja wake aliniita nikarekebishe mguu wa meza. Nimelala chini yake, nagonga kabari, huku wachezeshaji wanafanya mazoezi kwenye meza ya ruleti iliyo jirani.

Kwa asiyeijua ruleti: kuna bakuli kubwa la mbao, na ndani yake gurudumu lenye vishimo vya namba. Gurudumu linazungushwa upande huu, kipira kinarushwa upande ule, kinakimbia kwenye ukingo wa bakuli. Kikichoka, kinaanguka, kinadunda, kinalala kwenye namba. Uliyeweka tokeni zako, yaani fedha ya kasino, kwenye namba hiyo, umekula. Wengine wote mmeliwa.

Nilipoinuka kujinyoosha mgongo, nikatazama. Nikatazama tena.

Bakuli lile lilikuwa limepinda.

Kidogo sana. Mtu wa kawaida angeapa limenyooka. Lakini mimi maisha yangu yote nimefunga milango, na mlango uliopinda huniwasha machoni kama kitunguu. Mbao zilikauka vibaya, upande mmoja wa ukingo ukainuka. Na kipira kilipochoka, mara nyingi kilishindwa kupanda kile kilima kidogo. Kikaanguka hapo hapo. Si kila mara. Mara nyingi.

Sasa fikirini. Kama unajua kipira kitaangukia wapi, na mchezeshaji anakuruhusu kuweka tokeni mpaka kipira kinapoanza kuchoka, kazi yako ni moja: tazama gurudumu linakwenda kasi gani, uone ni namba zipi zitakuwa zinapita chini ya kile kilima. Weka kwenye namba hizo na majirani zake.

Huo si uchawi. Wala si wizi. Hugusi kitu, hubebi mashine, unatumia macho yako tu. Na usidhani unashinda kila mara, hapana. Unashindwa sana. Ila ukicheza muda mrefu, kwa vipande vidogo vya mfuko wako, unatoka na faida nyembamba, kama muuza chumvi. Anayetaka utajiri wa siku moja huyo ni mcheza kamari. Mimi sikuwa mcheza kamari. Mimi nilikuwa kazini.

Nilikwenda maktaba nikasoma. Kumbe kuna watu duniani wanaishi kwa kazi hiyo. Nikajifunza sheria zao. Ya kwanza: kabla hujaweka hata tokeni moja, tazama kwanza. Tazama mpaka uchoke. Gurudumu likikuthibitishia, ndipo ucheze.

Nilimfundisha Kinyozi sheria hizo kwa sinia na gololi, juu ya meza yangu ya kazi. Aliinama akatazama gololi ikizunguka.

"Fundi, yaani kumbe shule ya usiku ilikuwa na maana?"

"Wewe ulidhani tulikwenda kukwepa wake zetu?"

"Mimi ndiyo."

Tulicheka mpaka mteja wake akaja na sabuni kichwani kuuliza kulikoni.

Tukaanza. Mfuko ulikuwa wa wote wawili, nusu kwa nusu. Mimi nilikuwa macho. Nakaa na glasi yangu ya soda, koti na tai, mzee wa watu. Nikiweka mkono juu ya fimbo yangu ya kutembelea, maana yake cheza. Vidole vinamwambia sehemu gani ya gurudumu. Kinyozi anaweka tokeni. Tunashinda kidogo, tunaondoka. Hatujawahi kuwa na pupa.

Mfuko ukaanza kunenepa, pole pole.

Meneja hakuwa mjinga. Aliona ile meza inavuja fedha, hakujua kwa nini. Kasino nzima ilikuwa na meza mbili tu za ruleti, kwa hiyo akaanza kuhamisha mabakuli. Leo lile la dirishani linapelekwa mlangoni, kesho linarudishwa. Kwa macho, yale mabakuli ni mapacha. Rangi ile ile, vanishi ile ile.

"Tumekwisha," Kinyozi akasema.

"Hatujaisha. Njoo nikuonyeshe kitu."

Kwenye bakuli letu, chini kidogo ya ukingo, kulikuwa na mkwaruzo. Labda pete ya mtu, miaka mingi nyuma. Mdogo kama punje ya mchele. Lile jingine halikuwa nao.

"Penye mkwaruzo," nikamnong'oneza, "ndipo petu."

Alinitazama kwa heshima. Ile heshima niliipenda, siwezi kukataa.

Nyumbani nikamwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua kichwa.

"Na huo mkwaruzo, nani mwingine anaujua?"

"Mimi na Kinyozi tu."

"Basi hiyo si siri, mzee wangu. Ni habari iliyo njiani."

"Kinyozi ni ndugu yangu!"

"Sijasema si ndugu yako. Nimehesabu watu tu."

Nilikasirika, nikaenda kulala bila kumuaga. Wanawake wana tabia mbaya ya kuwa sahihi mapema.

Mwaka ukaanza kuishia. Mfuko ulikuwa karibu kutosha. Karibu tu.

Jumamosi moja Kinyozi aliingia karakana bila kugonga, aproni bado shingoni.

"Fundi, mambo yameharibika. Mwenye jengo amepata mnunuzi. Anataka jibu Jumatatu."

"Si alisema mpaka mwaka uishe?"

"Ndiyo hivyo. Mnunuzi amekuja na fedha mkononi. Wewe ungengoja?"

Nikatazama ile meza yangu. Nikatazama mlango usioitosha.

"Twende leo," akasema. "Twende na mfuko wote."

"Wote? Hiyo siyo sheria."

"Sheria za maktaba hazina mwenye nyumba."

Nikatafakari. Nikakubali. Lakini nikasema tusikae meza moja, maana meneja ameshatuzoea. Wataalamu wanafanya hivi: mmoja anacheza kazi, yaani kwa hesabu, mwingine anakaa meza ya pili, anacheza ovyo, anapiga kelele, anavuta macho ya watu. Mimi nikacheze kazi, Kinyozi akapige kelele.

"Wazo zuri sana," akasema Kinyozi. "Nipe na mimi kidogo cha kupotezea."

Nikampa fungu la kupotezea. Wazo lilikuwa langu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wazo lilikuwa langu mwenyewe.

Tulipofika, mkwaruzo nikauona kwenye meza ya mlangoni. Nikavuta kiti. Nilitaka kutazama kwanza, kama sheria inavyosema, lakini Kinyozi akainama sikioni mwangu, kama mtu anayesalimia.

"Fundi, unatazama nini tena? Alama si hiyo hapo? Au macho yamezeeka?"

Macho yamezeeka! Mimi!

Nikaweka.

Kipira kikaangukia upande wa pili kabisa. Sawa, hutokea. Nikaweka tena. Kikaangukia ninapotaka, nikafarijika, lakini kikadunda kikaenda zake. Nikaweka tena.

Hapa niwaambie mtego wa watu wa kazi ile. Mcheza kamari akiliwa mfululizo, anajua ana nuksi, anaondoka. Mtu wa hesabu akiliwa mfululizo, anajiambia: faida yangu ni nyembamba, siku mbaya lazima zije, vumilia. Elimu yenyewe ndiyo inakufunga kamba kwenye kiti.

Nikavumilia.

Nyuma yangu, meza ya dirishani, nilikuwa namsikia Kinyozi. Anacheka, anapiga makofi, anaimba. Tokeni zinalia kama mvua juu ya bati. Mchezeshaji wangu akatabasamu.

"Mwenzako ana bahati leo, mzee."

"Bahati ya mjinga," nikamjibu. "Itakwisha."

Iliyokwisha ni fedha yangu. Yetu. Yote.

Nilishuka ngazi nikishika ukuta. Kinyozi akanikuta chini, mbele ya duka la vitambaa.

"Vipi?"

Nikatikisa kichwa.

"Yote?"

"Yote. Na wewe? Nilisikia unakula."

"Nilikula nikarudisha, Fundi. Si uliniambia nipoteze?" Akanishika bega. "Wametuchezea hawa. Wamelinyoosha bakuli letu. Usijilaumu, ndugu yangu."

Kesho yake akaninyoa bure. Akaniwekea na kitambaa cha moto. Nililia chini ya kile kitambaa, yeye akaongeza sauti ya redio ili wateja wasisikie. Niliona ule ndio urafiki.

Jumatatu nikasikia jengo limepata mnunuzi. Nani? Mwenye jengo hakutaka kusema. "Ameniomba nisimtaje," akasema, akaangalia viatu vyake.

Nikaanza kufunga vifaa vyangu kwenye masanduku. Meza sikuigusa.

Wiki hiyo hiyo meneja wa kasino akaniita tena. Viti vinalegea. Nilitaka kukataa, lakini fundi asiye na fedha hachagui mlango. Nikaenda asubuhi, kabla hawajafungua. Nimepiga kiti cha kwanza, umeme ukakatika. Jenereta likakohoa likafa. Meneja akafungua yale mapazia mazito ambayo sijawahi kuyaona yamefunguliwa, akashuka kumtafuta fundi wa jenereta.

Mwanga wa jua ukaingia mle ndani kwa mara ya kwanza.

Ndipo nikauona ule mkwaruzo kwa macho ya mchana.

Ulikuwa mweupe.

Nisikilizeni vizuri. Mkwaruzo wa zamani kwenye ubao huwa mweusi. Umekula vumbi, umekula jasho la mikono, umekula vanishi ya kila mwaka. Huu ulikuwa mweupe ndani, kama kijiti kilichobanduliwa gome juzi. Na kingo zake zilikuwa zimenyooka, kali, zimekutana chini kwa ncha. Pete haikati hivyo. Msumari haukati hivyo.

Wembe ndio unaokata hivyo.

Nikaenda kwenye bakuli la pili. Nikapitisha kidole gumba chini ya ukingo, polepole. Mahali fulani ubao ukawa laini. Nikakandamiza. Ukaanza kuyeyuka.

Nta.

Nikanusa kidole changu.

Nikasikia harufu ya karakana yangu. Nta ya nyuki, tapentaini, na rangi ya viatu ya kahawia. Mchanganyiko wangu mwenyewe wa kufichia makovu ya mbao. Nilimfundisha mtu mmoja tu, siku alipokuja na kiti chake cha kunyolea kilichochubuka.

Nikakaa chini. Viti vyote vya kasino vile, mimi nikakaa sakafuni.

Kila Jumatatu Kinyozi alikuwa anakuja mle kumnyoa meneja, ofisini kwake, kabla ya kufungua. Nilikuwa najua. Nilikuwa naona ni jambo zuri, tuna jicho ndani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kidevuni.

Meneja akarudi, anajifuta jasho.

"Fundi, vipi, umechoka? Halafu yule rafiki yako kinyozi, siku ile alitukamua kweli kweli! Alichukua mzigo hakuweza kuubeba, nikampa mfuko wa duka. Hakukwambia?"

"Aliniambia," nikasema. "Ananiambia kila kitu."

Meneja akashuka tena kwenye jenereta. Mimi nikamaliza viti. Nikafanya na jambo jingine dogo, nitawaambia mbele.

Ijumaa nikaenda kunyolewa, kama kawaida.

Akanifunga kitambaa. Akanipaka povu. Akapitisha wembe kwenye ule mkanda wa ngozi, chwa, chwa, chwa. Nikaegemeza kichwa nyuma, koo nje.

"Kinyozi."

"Naam, Fundi."

"Kuna jambo lolote unataka kuniambia?"

Wembe ukasimama. Kisha ukaendelea.

"Jambo gani? Mimi na wewe tuna jambo gani ambalo halijasemwa?"

"Lolote. Leo nina masikio mazuri."

"Labda nikwambie umezeeka."

Nilikuwa nimeapa moyoni: akisema kweli, hata nusu ya kweli, nitamwambia na mimi langu. Nikampa nafasi. Akaifagia kama nywele sakafuni.

"Ile nta," nikasema, "umeichanganya vizuri. Ila tapentaini imezidi."

Mkono wake, uliokuwa haujatetemeka kwa miaka yote ile, ukaruka.

Nikahisi ubaridi chini ya taya. Halafu joto. Akachukua kitambaa akakandamiza, uso wake umekuwa wa majivu.

"Fundi..."

"Endelea. Umebakiza upande mmoja."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Redio ilikuwa inatangaza hali ya hewa. Akaizima.

"Lile gurudumu lisingeweza kutulisha sote," akasema. "Meneja alikuwa anakutazama wewe, siyo mimi. Wewe na tai yako. Wewe unayewaelezea wachezeshaji habari za hesabu! Siku yoyote wangetufukuza wote. Nilihitaji watazame upande mmoja, mimi nicheze upande mwingine."

"Kwa hiyo ukanitoa kafara. Na mnunuzi wa Jumatatu je?"

Akainamisha kichwa. "Ni mimi."

"Ni wewe."

"Nimetoa sehemu kubwa. Imebaki kidogo, nimeahidi Jumapili. Kesho nakwenda kumalizia, gurudumu bado lipo. Na jengo halibomolewi, Fundi! Karakana yako iko pale pale. Hutalipa kodi mpaka unakufa." Akatoa ufunguo mfukoni, unang'aa, mpya, akauweka kwenye kiganja changu. "Nimefanya kwa ajili yetu."

"Ungeniambia."

"Ungekataa. Ungetaka tucheze polepole, kwa sheria, mpaka jengo lianguke lenyewe."

"Lakini lingekuwa letu."

Hapo ndipo aliposema lile neno. Hakulisema kwa hasira. Alilisema taratibu, kama mtu anayemfafanulia mtoto.

"Fundi, wewe ni macho. Mimi nakuheshimu. Lakini macho hayamiliki nyumba."

Nikasimama. Nikafungua kitambaa shingoni mwenyewe. Ufunguo nikauweka juu ya sinki, katikati ya povu.

"Kesho unakwenda saa ngapi?"

"Wakifungua tu. Kwa nini?"

"Basi tu," nikasema. "Nenda salama."

Nikatoka, upande mmoja wa uso umenyolewa, upande mwingine bado.

Sasa niwaambie lile jambo dogo.

Siku ile ya mapazia, meneja alipokuwa kwenye jenereta, nilikuwa na kopo la nta kwenye koti. Fundi haachi kopo lake. Nilikwangua ile nta kwenye bakuli lililopinda, mkwaruzo wa zamani ukafunguka, mweusi, mzee, kama jicho la rafiki. Kisha nikauziba ule mweupe wa wembe kwenye bakuli lililonyooka. Nikasugua kwa kidole mpaka ukapotea.

Elewa hapo. Kinyozi alishajiwekea sheria yake: penye mkwaruzo, kimbia, pasipo na mkwaruzo, ndipo penye fedha. Mimi sikumdanganya. Sikuchonga alama ya uongo. Nilirudisha alama ya kweli mahali pake pa kweli, basi.

Jumamosi akaenda. Akaona mkwaruzo meza moja, akaukwepa. Akakaa meza nyingine. Akaweka kila kitu, akaliwa kila kitu.

Nilikuwa nimemfundisha kutazama kwanza. Hakutazama. Nisimcheke, hata mimi sikutazama.

Jumapili fedha ya kumalizia haikupatikana, na ile aliyotanguliza Kinyozi, mwenye jengo akagoma kuirudisha. Mkataba ulisema hivyo. Akamwita yule mwingine, yule wa kubomoa.

Jioni ile Kinyozi alikuja kwangu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mke wangu akampa kiti, hakukaa.

"Fundi. Ile alama. Ulikuwa wewe?"

"Mimi nini?" nikasema. "Mimi ni macho tu."

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Akavaa kofia yake, akaondoka polepole, akishika ukuta, kama mimi siku ile kwenye ngazi.

Mke wangu akanitazama.

"Sasa mko sawa?"

"Hatuko sawa. Yeye ndiye aliyeanza."

"Haya," akasema, akarudi kukunja nguo.

Siku ya kubomoa nilikwenda na msumeno. Meza yangu niliikata mwenyewe, vipande vitatu, kabla mashine haijaifikia. Mbao zake ndani zilikuwa nyekundu bado, na mbichi kwa harufu. Kipande kimoja ndicho ninachokalia hapa kibarazani ninapoandika haya.

Kinyozi ananyolea kwenye kibanda cha bati, karibu na soko. Juzi nilipita. Alikuwa na mteja, akaniona, akasimamisha wembe hewani.

"Fundi! Ndevu hizo zinanitukana!"

Nilikaribia kumjibu. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, tena zuri. Nikalimeza, nikapita.

Chini ya ndevu hizi kuna kovu, chini ya taya, upande wa kushoto. Refu kama punje ya mchele. Kwanza lilikuwa jeupe. Siku hizi nikilitafuta kwa kioo naona linaanza kuwa jeusi.

Nyie vijana mnaonisoma, funzo langu si kwamba msicheze ruleti. Hilo mama zenu wameshawaambia. Funzo langu ni hili: ukionyeshwa alama ya urafiki, usitazame umbo lake, tazama rangi ya ndani. Na wewe unayehamisha alama za wenzako, kaa ukijua kwamba mwongo hamalizwi na uongo mkubwa kuliko wake. Anamalizwa siku ukweli unaporudishwa mahali pake, kimya kimya, wala hakuna aliyemwambia.